Damu Moja, Vipimo Viwili

Ukishikwa na homa isiyokwisha huku Kericho au Bomet, viungo vikiuma na jasho likikulowesha usiku, jina la brusela, ugonjwa wa bakteria, halikawii kutajwa. Boma nyingi zina ng'ombe kando ya shamba la majani chai, na bakteria hawa hupitia maziwa mabichi na mikono inayomzalisha ng'ombe. Mtu wa maabara huchanganya tone la seramu yako na tone la dawa ya rangi juu ya kigae cheupe, akakitikisa taratibu. Vikionekana vidonge vidogo kama maziwa yaliyokatika, unaambiwa unayo. Dawa ni za wiki sita hivi, mzigo kwa mchuma chai anayelipwa kwa kilo.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo kutoka magharibi mwa Kenya. Walilinganisha kipimo hicho kilichozoeleka hospitalini na kingine kinachoaminika zaidi, Rose Bengal. Ungeweza kuwapima wagonjwa hawa kwa kile na wale kwa hiki, lakini usingejua kama tofauti imetoka kwenye vipimo au kwa watu wenyewe. Kwa hiyo damu ileile hupimwa mara mbili, na ni vyema anayesoma kigae cha pili asijue cha kwanza kimesema nini.

Kati ya watu 825, kipimo cha kawaida kilisema 162 wana brusela. Rose Bengal kikasema 8. Aliyeonekana nayo kwa vyote viwili alikuwa mtu mmoja tu.

Sasa tazama hesabu inavyoweza kukupoteza. Watu 656 hawakuonekana nayo popote. Ongeza yule mmoja, vipimo vimeafikiana kwa 657, karibu asilimia 80. Inapendeza masikioni, ila karibu yote imetokana na watu ambao hawakuonekana na ugonjwa. Lau wale 162 wangechaguliwa kwa kura, bado tungetarajia mmoja au wawili waangukie miongoni mwa wale 8.

Mwaka 1947 Mmarekani Quinn McNemar alionyesha namna ya kupima tofauti ya jozi kama hizi: waache walioafikiwa, wahesabu waliogombaniwa. Hapa ni 161 walioonekana nayo kwa kipimo cha kawaida pekee, na 7 kwa Rose Bengal pekee. Hizo ndizo namba zinazoniuma. Wale 161 wangeweza kumeza dawa kwa wiki nyingi huku malaria au taifodi, kama ndiyo iliyowaleta, ikiendelea. Wale 7 wangerudishwa nyumbani na brusela yao.

Na Rose Bengal si mtambo wa jiji. Ni tone la waridi, kigae kilekile cheupe, na dakika chache za kutikisa mkono.