Usiuze ng'ombe kumpeleka mwanao Japani

Mzazi wa Bariadi akiambiwa alipe "hela ya fomu" ili mwanawe akasome Japani, ajue anatapeliwa. Ufadhili wa serikali ya Japani, maarufu kama MEXT, hautozi ada ya maombi. Hulipa masomo, posho ya kila mwezi na nauli ya ndege, kwenda na kurudi. Maombi hupitia ubalozi wao, Dar es Salaam.

Mchujo ni mtihani, ukiwamo wa hesabu na Kiingereza. Kijapani? Wanaoenda kusoma shahada ya kwanza hufundishwa kwanza mwaka mzima hukohuko.

Gharama za mzazi ni safari, pasipoti na vipimo: daktari hujaza fomu ya afya, eksirei ya kifua ikiwamo. Kikohozi kisichoisha kitibiwe sasa, si wiki ya maombi.