Sura ya Sita: Wimbo wa Mwisho Unaposikika Upya

Hale, wilayani Korogwe, inajulikana nchi nzima kwa mkonge na kwa umeme wa Mto Pangani. Wapenzi wa muziki wa dansi wanaijua pia kwa mtu: TX Moshi William, mwimbaji wa Juwata Jazz, iliyokuja kuitwa OTTU Jazz, kisha Msondo Ngoma. Bendi ilibadili majina, yeye akabaki. Alifariki Machi 2006, na hadi leo, kwenye magulio ya Korogwe na Handeni, anayeomba arushiwe zilipendwa kwenye flashi hategemei kumkosa.

Swali la sura hii ni kwa nini kazi za mwisho za mwanamuziki hutugusa kuliko zile zilizompa jina. Jibu la haraka ni kwamba tunamlilia. Ni kweli, lakini ni nusu tu.

Koo linapozeeka

Tuanze na mwili. Sauti huzaliwa pale pumzi inapotikisa nyuzi mbili zilizoko kooni. Umri ukisogea, misuli ya nyuzi hizo hukonda na mnyumbuko wake hupungua. Gegedu za koo huanza kuwa mfupa, kifua nacho hukakamaa, pumzi ikawa fupi. Sauti ya mwanamume mara nyingi hupanda kidogo na kuwa nyembamba; ya mwanamke hushuka na kuwa nzito. Ule mtetemo wa mwisho wa neno, ambao kijana huutawala atakavyo, humponyoka mzee ukawa mpana na wa polepole.

Anayetaka kuimba kama alivyoimba akiwa na miaka 25 atayaona yote hayo kuwa hasara. Mwimbaji mwenye akili hubadili njia. Hushuka chini zaidi, mistari mirefu huikata vipande, gitaa huliacha litangulie na yeye akaja nyuma kidogo ya mapigo. Pale anapovuta pumzi, napo panakuwa sehemu ya usemi. Msikilizaji hawazi habari za gegedu wala mapafu. Anasikia mtu anayechagua kila neno kwa sababu hana maneno ya kupoteza.

Mifano tunayo. Muhidin Gurumo, aliyezaliwa 1940 na kuingia NUTA Jazz mwaka 1964, alishika kipaza sauti mpaka alipostaafu 2013. Mwaka uliofuata akatutoka. Bi Kidude wa Unguja alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akiwa bibi ambaye hakuna aliyeweza kuthibitisha umri wake, na mikwaruzo ya sauti yake hakuificha. Mwaka 1993 shirika la HelpAge liliwaunganisha jijini Dar es Salaam wanamuziki wakongwe, likazaliwa kundi la Shikamoo Jazz. Miaka miwili baadaye wazee wale walikuwa wakitumbuiza Uingereza pamoja na Fundi Konde wa Kenya. Waliowasikiliza hawakuwa na msiba wowote, kwa kuwa wapigaji walikuwa hai mbele yao. Kilichowagusa kilikuwa kwenye sauti na vidole.

Siku mbili za Januari

Nusu ya pili iko kichwani mwa msikilizaji. Tarehe 8 Januari 2016, siku aliyotimiza miaka 69, Mwingereza David Bowie alitoa albamu ya Blackstar. Kwa siku mbili watu waliizungumzia kama albamu mpya ya msanii asiyetabirika. Tarehe 10 akafa kwa saratani ambayo umma haukuijua. Wakairudia, na safari hii wakasikia wosia. Hakuna noti iliyoongezwa wala neno lililobadilishwa.

Kilichobadilika ni swali. Mwanzo tuliuliza wimbo unahusu nini. Sasa tunauliza kama mwimbaji alijua. Hili halihitaji albamu ya Ulaya kulielewa. Kwenye matanga, iwe Chanika ya Handeni au Manundu ya Korogwe, waombolezaji wakishakaa mkekani hawachelewi kusimuliana: wiki iliyopita alikuja kunisalimia bila sababu, alirudisha jembe la watu, alicheka sana siku ile. Kisha mmoja hutamka, “Kumbe alikuwa anatuaga.” Mambo hayo yalipotendeka hayakuwa na uzito wowote. Kifo ndicho kilichoyapanga yakawa maagano. Wimbo nao hupangwa hivyohivyo, na ndiyo maana Kilio cha Mtu Mzima cha Msondo, kilichopigwa ukumbini watu wakicheza, kinaweza leo kumnyamazisha mtu aliyekiomba mwenyewe.

Albamu waliyoikusanya wengine

Hapa ndipo habari yetu inapoachana na ya Bowie. Yeye alipanga albamu yake mwanzo hadi mwisho. Bendi nyingi za Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980 hazikuwa na albamu za kupanga. Zilirekodi nyimbo chache kwa mkupuo katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki redioni. Kiwanda cha kufyatua santuri hakikuwapo nchini, kwa hiyo aliyetaka santuri alielekea Nairobi.

Mbaraka Mwinshehe alikuwa mmoja wao. Alifariki kwa ajali ya barabarani Mombasa, Januari 1979, akiwa hajafikisha miaka 35, na Shida ni miongoni mwa nyimbo zake za mwisho. Baadaye kampuni ya Polygram ilizikusanya kazi zake katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho. Aliyeamua wimbo upi utangulie na upi ufunge hakuwa Mbaraka.

Kwa hiyo kwetu albamu ya mwisho mara nyingi ni kazi ya waliobaki: kampuni, mtangazaji wa zilipendwa, kijana wa kibanda anayerusha nyimbo kwa mpangilio wake. Hilo halipunguzi hisia. Linaeleza tu kwa nini sisi tunalia kwa wimbo mmoja mmoja, wakati mashabiki wa Bowie wanalia kwa albamu nzima.

Kupambanua

Tutajuaje basi kama kazi ya mwisho ni nzuri au tunaomboleza tu? Ziweke pamoja rekodi mbili za mwimbaji mmoja, ya ujanani na ya mwishoni. Kama ya mwishoni ina uamuzi ambao ile ya kwanza haina, mahali alipokawia au alipoacha kupaza, hapo pana sanaa. Kama tofauti pekee ni uchovu, kinacholia ni kumbukumbu yako. Nalo si kosa, ila tusimsifie fundi kwa kazi ya msiba.

Njia nyingine ni kumtafuta asiye na msiba. Kijana wa Handeni aliyezaliwa baada ya Machi 2006 hakuwahi kuishi siku moja na TX Moshi. Akiukuta wimbo wake kwenye redio ya bodaboda na kuomba usibadilishwe, ameshatupa jibu ambalo sisi tuliomzika hatuwezi kulitoa.