Nafasi ya Jokofu Jikoni

Wasikilizaji wetu, wengi hudhani ya kuwa jokofu hutengeneza baridi. Sivyo. Kazi yake ni kuhamisha joto: hulitoa katika chakula kilichomo ndani, kisha hulitupa nje kwa mirija iliyo nyuma yake au iliyofichwa ubavuni. Basi joto hilo halina budi kupata njia. Jokofu likibanwa kati ya kabati na ukuta, hewa ya moto hulizunguka, mashine haipumziki, gharama ya umeme huzidi, na maziwa ya mtoto huweza kuchacha. Katika miji ya joto kama Tanga na Mombasa hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo, kabla seremala hajapigilia makabati, na tupime. Tufuate kwanza kijitabu cha watengenezaji. Kisipopatikana, tuache sentimita 5 nyuma na kila upande, na 10 juu. Tusiliweke karibu na meko, wala penye jua. Tena mlango wake ukigota ukutani kabla ya kufunguka vizuri, droo za ndani hazitatoka kusafishwa. Mbele yafaa sentimita 90, mtu apate kuinama na mwenziwe apite.

Mwisho, tutie kipimajoto katika bilauri ya maji, tukiache ndani ya jokofu usiku kucha. Kikionyesha zaidi ya nyuzi 5 za Sentigredi, tuiangalie tena nafasi ya hewa kabla ya kumwita fundi.