Vipepeo wa Gede na Amani: Bidhaa isiyoweza kusubiri

Ndizi iliyooza haina mnunuzi Horohoro wala Lunga Lunga. Lakini Gede, katika Kaunti ya Kilifi, ina kazi. Hupondwa, ikatiwa ndani ya mtego wa neti na kutundikwa ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Baadhi ya vipepeo wakubwa wa msituni hawana haja na maua. Hufuata harufu ya tunda lililochacha. Wengine hukamatwa kwa neti ya mkono wanapotua kwenye maua.

Anayetafutwa ni jike. Mfugaji humweka bandani penye mmea ambao viwavi wake hula, maana kila aina ina majani yake. Yuko kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano ambaye viwavi wake hula majani ya milimau na michungwa. Mwenye shamba la machungwa humwona mharibifu, mfugaji humwona mtaji. Kiwavi hula hadi anenepe, kisha huwa pupa, yaani hutulia ndani ya ganda hadi aote mabawa. Pupa huyo ndiye bidhaa.

Kuanzia hapo ni kukimbizana na siku. Aina nyingi hutoka kwenye ganda baada ya wiki moja hadi mbili. Ndani ya muda huo pupa akusanywe, afungwe kwa pamba, apandishwe ndege na kufika Ulaya au Marekani, ambako watu hulipa kiingilio kutazama vipepeo katika bustani zilizoezekwa vioo. Akichelewa, hutokea ndani ya boksi, mabawa yakajikunja, na thamani yake ikaisha. Soko lenyewe halikauki, kwa kuwa vipepeo wengi huishi wiki chache tu na bustani huhitaji wapya kila mara.

Mradi wa Kipepeo wa Gede ulianza mwaka 1993. Wakati huo wakulima wengi wa jirani waliuona msitu kuwa ardhi waliyonyimwa, tena maficho ya tembo na nyani wanaomaliza mazao. Ufugaji uliwapa sababu ya kuuacha msitu usimame, kwa sababu humo ndimo wanamopata majike wapya.

Kusini mwa mpaka, huko Amani katika Usambara Mashariki, mkoani Tanga, wanakijiji walifuata njia hiyohiyo katika miaka ya 2000. Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo. Mabanda yalikuwapo, msitu ulikuwapo, wanunuzi walikuwapo. Njia ya kuwafikia ndiyo iliyofungwa. Pupa hawekwi ghalani kungoja sheria ibadilike, hivyo kipato kilikatika. Upande wa Kenya biashara iliendelea.

Mfanyabiashara wa nyanya au vifaranga anaijua hesabu hii. Bidhaa nyingi zinazozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huvuka mipaka bila ushuru wa forodha, lakini wanyamapori hai hubaki chini ya sheria ya kila nchi, hata kama ni mdudu anayetosha kiganjani. Anayefikiria kuingia katika biashara hii aanze na kibali, ndipo apande majani ya viwavi.