Walter: Jina la makabaila lililofika Migori kwa njia ya ubatizo

UKIITA "Walter" kwa sauti sokoni Ogwedhi, katika kaunti ya Migori, si ajabu wakaitika wanaume watatu: mmoja Otieno, mwingine Omondi, wa tatu Ochieng'. Maana ya majina hayo ya Kijaluo inajulikana na kila mtu sokoni: aliyezaliwa usiku, aliyezaliwa alfajiri, aliyezaliwa jua likiwaka. Maana ya Walter huijua wachache, ingawa ndilo linalotangulia kitambulishoni.

Jina hili limetoka katika lugha za kale za Wajerumani, nalo limeundwa kwa maneno mawili, "kutawala" na "jeshi". Wanormandi walilipeleka Uingereza walipoiteka mwaka 1066, likawa jina la wenye ngome na farasi wa vita.

Katika ukoo wa Brienne wa Ufaransa lilirithiwa kizazi hadi kizazi, na halikuwaletea heri. Walter wa Tano, mtawala wa Athens, aliuawa mwaka 1311 na askari wa kukodiwa ambao aliwaajiri yeye mwenyewe. Mwanawe, Walter wa Sita, alipewa utawala wa Florence mwaka 1342, akatimuliwa na wenyeji mwaka uliofuata, kisha akafia vitani Poitiers mwaka 1356.

Uskoti mambo yalikuwa mengine. Walter FitzAlan, aliyefariki mwaka 1177, alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme. Cheo hicho kikarithiwa na wanawe hata kikageuka jina la ukoo, Stewart. Mjukuu wake wa mbali, Walter Stewart, alimwoa Marjorie, binti wa Mfalme Robert Bruce, na mtoto wao akatawazwa mfalme mwaka 1371.

Jina hili halimo katika Biblia. Ni kweli yupo Mtakatifu Walter, abate wa Pontoise, lakini Nyanza lilihesabiwa kuwa la Kikristo hasa kwa sababu wamisionari nao waliitwa hivyo. Mashuhuri wao ni Walter Edwin Owen, Mwanglikana aliyekuwa shemasi mkuu (archdeacon) wa Kavirondo tangu 1918. Mwaka 1923 alianzisha chama cha kutetea walipa kodi wa Kavirondo, na kelele zake dhidi ya kazi za kulazimishwa ziliwaudhi walowezi. Walter mwingine, Mjaluo huyu, ni Walter Odede, aliyeshika uongozi wa chama cha KAU baada ya Jomo Kenyatta kukamatwa Oktoba 1952, naye akatiwa kizuizini Machi 1953. Bintiye, Pamela, aliolewa na Tom Mboya wa Rusinga.

Lakini kwa Wajaluo jina halikuwa lebo tu. Mzee aliyefariki huweza kumjia mzazi ndotoni akidai mtoto aitwe kwa jina lake, na kichanga asiyenyamaza huitiwa majina ya wahenga hata litajwe lile analolitaka. Sijui ni nani angekuja ndotoni kumdai Walter.

Jaramogi Oginga Odinga aliliona hilo mapema. Yeye mwenyewe alibatizwa Obadiah Adonijah, majina ya Biblia kabisa, akayaacha. Alipowapeleka wanawe kanisani alitaka wabatizwe kwa majina ya wahenga pekee. Kasisi alikataa, Odinga akashikilia msimamo wake, na hatimaye kanisa likalegeza kamba. Watoto wakabatizwa Oburu na Raila.