Meza ya Mwingereza na Meza ya Mmarekani

Mwishoni mwa mwaka 1941 na mwanzoni mwa 1942, wakuu wa majeshi ya Uingereza na Marekani walikutana Washington kupanga vita vyao. Waingereza walikuwa na waraka wa haraka, wakasema wanataka "to table" waraka huo. Wamarekani wakakataa katakata. Churchill alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1950 kwamba mabishano yalikuwa marefu na makali, hata ikagundulika kuwa pande zote mbili zilitaka jambo lile lile: waraka ujadiliwe mara moja.

Sababu ni meza. Kwa Mwingereza, kuiweka karatasi juu ya meza ya Bunge ni kuifungulia mjadala. Kwa Mmarekani, ni kuiacha ilale hapo. Na katika Bunge lao, hoja ya namna hiyo ikipita, aghalabu jambo lenyewe huwa limekwisha kuzikwa.

Sisi wa Visiwani tulirithi meza ya Mwingereza. Katika Baraza letu la Wawakilishi, lililoanzishwa mwaka 1980, hati "huwasilishwa mezani", na kila mjumbe anafahamu kuwa zimemfikia. Hapo hapana ila. Ila huanza pale afisa anapomwandikia mfadhili wa Marekani, kwa Kiingereza, kwamba wizara inakusudia "to table" ombi la kisima cha kijiji fulani. Msomaji wa kule aweza kufahamu kwamba wizara imeliweka kando, naye akafunga jalada. Wanakijiji wataendelea kunywa maji ya chumvi, na wala hakuna aliyesema uongo.

Wapo wanaodhani kuwa barua isiyo na neno zito la Kiingereza haina cheo. Ndugu hao tunawaomba watazame upya. Kamusi hutaja maana zote mbili, lakini haimwambii msomaji ni ipi iliyokuwa moyoni mwa mwandishi. Ukitaka jambo lijadiliwe, andika "submit for discussion". Ukitaka lingoje, andika "postpone", na utaje tarehe.

Kumwandikia mtu wa London neno lile la zamani si vibaya. Lakini katika mkutano wa mataifa mengi, mjumbe wetu akilisikia, na amuulize mwenyekiti papo hapo ni meza ipi inayokusudiwa, na jibu liingizwe katika kumbukumbu kabla ya kura kupigwa.