Utafiti Una Faida Gani kwa Kijiji? Mafunzo Mawili Kutoka Kongwa



Kila tunapopitia mipango ya miradi pamoja na kamati za parokia, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: kwa nini fedha zitumike kwenye utafiti wa chuo kikuu wakati visima havitoshi na watoto wanaumwa? Swali hili ni la haki, na wafadhili wetu nao huliuliza kwa namna yao. Katika toleo hili tunajaribu kulijibu kwa mifano miwili, yote kutoka Kongwa, mkoani Dodoma.

Fedha nyingi, maswali machache

Wazee wa Kongwa wanaufahamu Mradi wa Karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu walitumwa kuangalia ardhi ya Afrika Mashariki, na baada ya wiki chache tu za kuzunguka walipendekeza mashamba ya karanga ya zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa yakiwa Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947, na Kongwa ikawa miongoni mwa vituo vya kwanza.

Trekta zililetwa, makambi yakajengwa, na watu wengi wakaajiriwa. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa ameupima vya kutosha udongo na mvua ya mahali hapo. Kiangazi kilipofika, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu mno, na kuzing'oa karanga ikawa taabu. Mvua nazo zilikuwa chache na zisizotabirika, kama Wagogo walivyojua tangu zamani. Mwaka 1951 Serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo, ikiwa imepoteza takriban pauni milioni 36.

Kwa hiyo, mtu akisema utafiti ni gharama, tukumbuke kwamba kutotafiti nako kuna gharama yake.

Maji ya kunawa uso

Mfano wa pili unahusu ugonjwa wa vikope, ambao pia huitwa trakoma. Vimelea vyake huenea kutoka jicho hadi jicho kwa mikono, nguo na nzi, hasa kwa watoto wadogo. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, kope la ndani hupata makovu. Miaka ikipita, kope hujikunja na nywele zake huanza kukwaruza jicho hadi mtu anapofuka. Wanawake huathirika zaidi kwa sababu ndio walezi wa watoto.

Katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakishirikiana na wataalamu wa afya ya macho wa Tanzania, walianza kazi katika vijiji vya Kongwa, ambako ugonjwa huu ulikuwa umeenea sana. Wengi walidhani sababu kuu ni umbali wa maji, na kwamba kisima kikisogezwa vikope vitapungua.

Watafiti walipoingia katika kaya waliona kwamba jambo si rahisi hivyo. Umbali pekee haukutosha kueleza kwa nini mtoto huyu ana uso mchafu na yule wa jirani ana uso safi. Kilichokuwa na uzito ni uamuzi wa kaya: maji yaliyoletwa yatumike kwa kazi ipi kwanza? Katika mazungumzo na akina mama na akina baba ilibainika kwamba wengi waliona kunawisha watoto kunahitaji maji mengi na muda mwingi, navyo vyote ni adimu. Ndipo yakafanyika maonyesho ya wazi ya jinsi maji kidogo yanavyotosha kunawisha nyuso za watoto kadhaa. Akina baba nao walihusishwa, kwa kuwa mama hawezi kubadili matumizi ya maji nyumbani peke yake.

Baadaye ulifanyika utafiti wa kulinganisha vijiji sita. Vyote vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini. Vijiji vitatu, vilivyochaguliwa kwa kura, vilipata pia kampeni ya kunawisha watoto iliyoendeshwa pamoja na wanakijiji wenyewe. Baada ya mwaka mmoja, watoto wengi zaidi wa vijiji vya kampeni walikuwa na nyuso safi, na vikope vikali vilikuwa vichache kuliko katika vijiji vilivyopata dawa peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la kitabibu la The Lancet.

Nani alileta nini

Ubia huu ulikuwa na pande kadhaa. Taasisi ya Edna McConnell Clark ya New York ilitoa fedha. Chuo kikuu kilileta utaalamu wa kupima. Watanzania walileta ujuzi wa lugha, mila na huduma za afya za mahali hapo. Wanakijiji walitoa kitu ambacho hakikuandikwa kwenye bajeti: muda wao, milango yao na macho ya watoto wao.

Faida yake haikuishia Kongwa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilikubali mkakati wenye sehemu nne dhidi ya vikope: upasuaji wa kope, dawa, uso safi na usafi wa mazingira. Ushahidi wa Kongwa ni miongoni mwa nguzo za sehemu ile ya uso safi. Mwaka 1998 taasisi hiyohiyo ya Clark na kampuni ya dawa ya Pfizer zilianzisha mpango wa kimataifa wa kugawa bure dawa ya azithromaisini, na Tanzania ikawa kati ya nchi za kwanza kunufaika. Tangu hapo zimetolewa duniani dozi zaidi ya bilioni 1.

Fedha za utafiti hupita njia gani

Siku hizi Dodoma ina vyuo vikuu vyake. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na mwaka huohuo Kanisa Anglikana lilifungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana katika iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa ajili ya kuimarisha elimu ya juu nchini, na Chuo Kikuu cha Dodoma ni miongoni mwa vyuo vya umma vinavyohusika.

Majengo na maabara ni mwanzo tu. Ili utafiti ufanyike, mtafiti huandika andiko la mradi na kulishindanisha na mengine mbele ya mfadhili. Mtafiti kutoka nje huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Utafiti wa afya hupitiwa pia na kamati ya maadili, kama ile ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Fedha zikipatikana hugawanywa kati ya washirika, na mara nyingi anayeshika mfuko ndiye anayechagua swali.

Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada la USAID, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilitangaza kupunguza nafasi za kazi zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa nje ya Marekani, baada ya kupoteza dola zaidi ya milioni 800. Mfuko mmoja ukifungwa mbali, kazi husimama katika vijiji ambavyo havikuulizwa. Ubia unaotegemea mkono mmoja ni kama nyumba ya nguzo moja.

Maswali ya kamati

Tunazishauri kamati zetu, mgeni mwenye dodoso anapofika, zimpokee vizuri na zimuulize haya:

1. Swali la utafiti limetoka wapi, na sisi tumeshirikishwa kulitunga?
2. Kibali kiko wapi, na mtu anaweza kukataa kushiriki bila kunyimwa huduma?
3. Nani ataturudishia matokeo, lini, na kwa lugha gani?
4. Ni kijana gani wa hapa atakayejifunza kazi hii?
5. Fedha zikiisha, ni kitu gani kitabaki?

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Mnapochangia kisima, ruhusuni sehemu ndogo ya fedha itumike kujua kama kisima hicho kimebadili maisha. Bomba huleta maji hadi kijijini. Maji hayo yataufikia uso wa mtoto ikiwa kuna aliyekaa na mama yake na baba yake akawasikiliza.

Tunakaribisha maoni ya kamati zenu kuhusu watafiti waliopita katika maeneo yenu na kile walichoacha.